Risiva ya Mzee na Spika za Barazani

Siku tuliyopokea mahari ya mdogo wangu, risiva ya mzee, ile mashine yenye redio na amplifaya ya kulisha spika, ilikata roho saa kumi na robo alasiri, katikati ya wimbo, wageni wa upande wa pili wakiwa ndiyo kwanza wamemaliza pilau. Saa naikumbuka vizuri kwa sababu mjomba, aliyekuwa msemaji wetu siku hiyo, aliitazama saa yake ya mkononi, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu. Wajomba wa Tandika hawana haja ya kusema kitu.

Muziki ulikuwa jukumu langu. Chakula walikuwa nacho kina mama, viti na turubai alikuwa nayo shemeji, mimi niliachiwa "sauti". Nikaona kazi ndogo. Sebuleni ipo risiva, ina spika zake mbili za mbao ambazo mzee huzifuta vumbi kila Jumapili kwa mkono wake mwenyewe. Kilichobaki ni kuwapelekea sauti watu wa barazani. Nikaazima spika mbili kwa jirani, zilizotoka kwenye mziki wake ulioharibika, nikavuta nyaya kupitia dirishani, nikazichomeka nyuma ya risiva kwenye matundu yaliyoandikwa B, za sebuleni zikiwa kwenye A. Nikabonyeza A na B kwa pamoja. Zikaimba zote nne. Nikajiona fundi.

Sasa, mzee ni mtu wa Sikinde na mjomba ni mtu wa Msondo, bendi mbili hasimu za dansi. Waliokulia Dar wanajua maana ya sentensi hiyo, na wasiojua waelewe tu kwamba ikipigwa Sikinde mmoja anaongeza sauti, na ikipigwa Msondo mwingine anaongeza zaidi ili kulipa kisasi. Mpaka saa tisa na nusu rimoti ilikuwa imebadilisha mikono mara nyingi kuliko mwiko wa pilau.

Mara ya kwanza nilisikia "tak!" kutoka ndani ya risiva, spika zote zikanyamaza, na kioo kikaandika PROTECT. Shemeji akaizima, akaiwasha, ikaimba. Baada ya dakika kumi hivi, "tak!" tena. Akaizima, akaiwasha. Mara ya tatu akaipigapiga kidogo ubavuni, kama mtu anayemwamsha konda aliyesinzia. Ya nne hapakuwa na "tak". Palikuwa na harufu. Harufu ya kitu cha umeme kilichoungua haifanani na nyingine yoyote, haichanganyiki hata na moshi wa mkaa, na iliposambaa sebuleni shangazi akauliza nani kaacha pasi.

Jumatatu nikaibeba mgongoni mwa bodaboda, nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa, hadi kwa fundi mmoja wa siku nyingi kule Ilala. Kibanda chake kina redio zilizofunguliwa hadi darini, na kiti kimoja tu cha mteja.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Imekufaje?"

Nikamweleza. Nilipofika pale pa kuwasha na kuzima akainua mkono, nikanyamaza. "Hii ilikuita mara tatu," akasema. "Wewe ukawa unaiambia endelea."

Akafungua skrubu, akatoa kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga. Upande wa ndani, juu ya yale matundu membamba ya kutolea joto, kulikuwa na alama ya mviringo yenye maua maua, kama chapa. Nikaijua mara moja. Ni kitambaa cha kufuma cha mama. Nyumba yetu kila kifaa kina kitambaa chake, hata mtungi wa gesi, na risiva ilikuwa na kile kikubwa cheupe, juu yake deki, juu ya deki ua la plastiki. Vumbi la miaka limepita kwenye matundu ya uzi na kuchora ua lile lile kwenye bati. Mashine inayopumua kwa mgongo tulikuwa tumeivisha shuka, mchana wa Februari, Dar es Salaam.

Lakini fundi hakulaumu kitambaa kwanza. Aliuliza swali ambalo nimelitafakari kwa miezi: "Spika za barazani zina omu ngapi?"

Nikajibu sijui. Nikaongeza kwamba nilidhani omu nyingi ndiyo nguvu nyingi. Akacheka, si kwa dharau, akaniambia nirudi na spika zote nne na nyaya zake.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na ndiyo sababu ya makala hii. Watu wengi mtaani, na wauzaji wengi wa Kariakoo pia, wanaamini namba ya omu iliyo nyuma ya spika lazima ilingane na iliyo nyuma ya risiva, kama vile mnatafutiana wachumba. Risiva ya sita inaoa spika ya sita, ya nane inaoa ya nane, ukichanganya unaunguza. Imani hiyo ina mzizi wake. Amplifaya za zamani za valvu zilitoa sauti kupitia transfoma, na transfoma hiyo ilikuwa na matundu tofauti ya omu 4, 8 na 16. Kwa mashine zile kweli ulitakiwa kuchomeka spika kwenye tundu lake. Amplifaya ya tranzista, ambayo ndiyo karibu kila mtu anayo leo, haifanyi hivyo. Ukinzani wake wenyewe, yaani kiasi unachozuia umeme, kwenye matundu ya spika mara nyingi haufiki hata sehemu moja ya kumi ya omu. Haitafuti mwenzake wa kulingana naye. Inatoa volti, basi, kisha inasubiri kuona spika itavuta umeme kiasi gani.

Na spika yenye namba ndogo ndiyo inayovuta sana. Hili ndilo lililonipindua kichwa. Omu ni kipimo cha kuzuia, kimepewa jina la Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, ile ile tuliyokariri kidato cha pili: gawa volti kwa omu upate ampea. Tuseme risiva kwenye pigo la besi imetoa volti 20. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, sawa na wati 50. Ya omu 4, kwa volti zile zile, itavuta ampea 5, wati 100. Ukiiwekea omu 2 ni ampea 10 na wati 200. Mlango unazidi kupanuka, na anayesukuma watu mlangoni ni zile tranzista mbili tatu zilizofungwa kwenye bati la kupozea joto. Spika haiungui kwa sababu ya namba ndogo. Inayoungua ni risiva inayoilisha.

Kwa hiyo ile namba ya nyuma ya risiva isome kama mpaka wa chini. "6–16" maana yake usinipe mzigo ulio chini ya sita. Ukiwa na spika za omu 8 kwenye risiva ya sita, lala usingizi. Utapata wati pungufu kidogo, sikio halitajua, kwa sababu hata ukizidisha wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, na ili sikio liseme "imekuwa kubwa mara mbili" unahitaji wati karibu mara kumi. Nimemsikia muuzaji akimkataza mama mmoja kununua spika nzuri sana za omu 8 kwa sababu risiva yake imeandikwa sita. Nilitamani kuingilia. Sikuingilia, na mama akaondoka na mbaya.

Turudi Ilala. Fundi aliichukua mita yake, akagusa matundu ya spika ya sebuleni: 5.1. Iliandikwa 6. Akagusa ya jirani: 3.3. Iliandikwa 4, kwa maandishi madogo ambayo sikuyaona siku ile. Nikasema, labda zimechakaa. Akasema hapana, ndivyo zilivyo. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, umeme wa betri ukipita umetulia. Muziki ni umeme unaokwenda na kurudi, na koili iliyo kwenye sumaku hulikataa kila wimbi kwa kiasi chake. Ndiyo maana wataalamu wanatumia neno impidansi, ingawa mtaani tunasema omu na tunaelewana. Spika moja yaweza kuwa omu 30 kwenye besi fulani, ikashuka karibu na 5 juu kidogo ya hapo, ikapanda tena kwenye sauti nyembamba. Namba ya kwenye kibandiko ni kama saizi ya kiatu, inakuelekeza tu. Kiwango cha kimataifa, IEC 60268-5, kinataka isishuke chini ya asilimia 80 ya iliyoandikwa: ya 8 isipungue 6.4, ya 4 isipungue 3.2. Ukiwa na mita ya bei rahisi na spika isiyo na kibandiko, ukisoma 3 na kitu, ihesabu kuwa ya nne. Ukisoma 5 hivi, ya sita. Ukisoma 6 na kitu hadi 7, ya nane.

Halafu akachukua kipande cha kalamu ya risasi, akaandika juu ya boksi la kiberiti hesabu iliyonifanya nione aibu. A na B nilizobonyeza pamoja zilikuwa zinaunganishwa sambamba, yaani umeme umefunguliwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia mbili za omu 8 ni sawa na njia moja ya omu 4. Za kwangu zilikuwa 6 na 4. Unazidisha, 24. Unajumlisha, 10. Unagawa. Omu 2.4, kila upande, kulia na kushoto, kwa risiva iliyoomba isishushwe chini ya sita.

"Sasa soma hapa," akasema, akawasha tochi ya simu na kuielekeza nyuma ya risiva, kwenye maandishi ambayo yamekuwa yakitazama ukuta wetu miaka yote. A au B: omu 6–16. A+B: omu 12–16.

Nilikaa nikiiangalia ile kumi na mbili. Kwa nini kumi na mbili? Kwa sababu mbili za 12 zikiunganishwa sambamba zinatoa 6. Mpaka haukubadilika hata kidogo. Waliotengeneza walikuwa wamenifanyia hesabu, wameiandika, wameibandika.

Kilichonifurahisha katika maafa yale ni nyaya. Nilikuwa nimetumia waya mwembamba, wa nusu milimita ya mraba, kama mita 15 kutoka sebuleni hadi kwenye nguzo ya baraza. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 30, na shaba ya unene huo kwa urefu huo ina ukinzani wa takriban omu 1. Kwa kawaida huo ni uzembe: kwenye spika ya omu 4, sehemu moja ya tano ya nguvu ilikuwa inapotelea kwenye waya, inapasha joto dirisha. Lakini omu ile moja iliinua mzigo wa barazani kutoka 4 hadi 5, na jumla kutoka 2.4 hadi 2.7. "Nyaya zako mbovu," fundi akasema, "ndizo zilizoichelewesha kufa." Tafadhali usizitumie kama dawa. Kwa umbali huo nunua waya wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, na uukwangue kwa ncha ya kisu kabla hujalipa: ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na utahitaji iliyo nene zaidi kupata kazi ile ile.

Tranzista za upande mmoja zilikuwa zimeshikana, fundi akabadilisha zote nne na vipinzani viwili vidogo vilivyokuwa vyeusi kama karafuu. Kabla ya kuunga spika alizijaribu kwa betri ya saa ya ukutani, volti 1.5, akiigusisha sekunde moja tu. Koni ikiruka kuja mbele, chanya ya betri imegusa chanya ya spika. Ikirudi nyuma, umegeuza. Moja ya spika za jirani ilikuwa imegeuzwa rangi za nyaya ndani, kwa hiyo siku ile ya mahari besi za barazani zilikuwa zinauana zenyewe kwa zenyewe hewani, mmoja anasukuma mwingine anavuta, na wazee wangu wakawa wanazidi kuongeza sauti wakiitafuta besi isiyokuwepo.

Nilimwuliza kuhusu kile kiswichi kidogo cha nyuma ambacho baadhi ya risiva zinacho, cha kuchagua omu 4 au 8. Nilidhani kinafanya mashine iwe na nguvu ya kubeba spika nzito. Kinachofanya ni kupunguza volti za ndani ili mashine isipate joto, na wati zinashuka pamoja nazo. Ni breki ya gari lililozidisha mzigo. Msimamo wangu: kama spika zako ni za 8, kiache kwenye 8. Kama ni za 4 na una shughuli ya saa sita kwenye joto letu hili, kishushe, na uwe umezima umeme kabla hujakigusa. Kukichezea katikati ya wimbo ni kutafuta safari ya Ilala.

Jambo jingine nilitaka kulipita haraka lakini siwezi. Risiva ya mzee ni mtumba wa Japani, na Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Ina transfoma yake ya kushusha, boksi zito la chuma linalonguruma chini ya meza, na mzee amelifunga kamba nyekundu kwenye plagi ili mtu asije akaichomeka risiva ukutani moja kwa moja. Ukinunua ya namna hiyo Kariakoo, angalia nyuma kabla ya kuangalia rimoti. Omu hazitakusaidia kitu kama volti zimekumaliza mlangoni.

Na zile wati za kwenye maboksi ya sabufa, elfu tatu, elfu tano, elfu kumi! Tundu letu la ukutani ni la ampea 13. Zidisha kwa 230 unapata wati 2,990. Hata ukilinyonya tundu lote, mashine ya wati 10,000 zinazotoka mfululizo haiwezi kupita pale. Usinunue kwa namba hiyo. Tafuta ile ndogo ya aibu, iliyoandikwa karibu na omu na isemayo RMS, yaani wati zinazotoka mfululizo. Hiyo ndiyo yenye ukweli.

Swali lililobaki lilikuwa baraza, maana shughuli yenyewe ya harusi ilikuwa inakuja. Njia ya kwanza ilikuwa kuunga spika kwa mfuatano: chanya ya risiva kwenye chanya ya spika ya kwanza, hasi yake kwenye chanya ya pili, hasi ya pili ikarudi nyumbani. Omu zinajumlishwa, 6 na 4 zinakuwa 10, risiva inapumua. Nilijaribu. Ilifanya kazi na ilisikika vibaya. Spika mbili zisizofanana zikiungwa hivyo zinagombania volti, ya omu kubwa inachukua fungu kubwa, na kwa kuwa omu zenyewe zinapanda na kushuka kwa kila noti, sauti ya mwimbaji ilikuwa inahama kutoka sebuleni kwenda barazani na kurudi. Mfuatano uacheni kwa spika pacha. Nne za aina moja, mbili mbili, hapo sawa.

Fundi alikuwa na jibu rahisi zaidi. Kwenye rafu yake kulikuwa na amplifaya ndogo isiyo na makuu, imeandikwa 4–16, kwa bei ya kuku watatu wa kienyeji. Waya wa nyekundu na nyeupe unatoka kwenye matundu ya kurekodia ya risiva, unaingia kwenye amplifaya, na spika za jirani zinakaa huko peke yake na omu zao nne. Mzee ana sauti yake ndani, baraza lina sauti yake nje, kila mmoja na kitasa chake. Nilipoifunga, mjomba aliikagua, akaniuliza kama kitasa cha nje kinaweza kushusha ya ndani. Nikamwambia hakiwezi. Akauliza kama cha ndani kinaweza kushusha ya nje. Hakiwezi. Akatikisa kichwa taratibu, akavuta kiti karibu na kile cha nje.

Mama alikuwa na swali moja tu, kitambaa chake kiko wapi. Risiva ilikuwa juu ya meza, mgongo wazi, imeachiwa upana wa kiganja pande zote. Nikamweleza habari ya joto na matundu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akakikunjua kile cheupe kikubwa na kuyatembeza macho sebuleni.

"Hii nayo inapumua?" akauliza, ameshika spika ya kushoto.

Nikamwambia hiyo haina matundu juu.

Akakitandika pale, akakivuta pembe nne zikae sawa, akaliweka ua la plastiki katikati. Wimbo wa kwanza wenye besi likaanza kutembea polepole kuelekea ukingoni, na mzee akaliokoa bila kuinuka kwenye kiti.